Kisanduku cha Ghorofa ya Tatu

Barua iliyokuja Jumatatu ilikuwa na aya tatu, na ile ya pili ndiyo iliyomfanya mama aisome mara mbili.

"'Kampuni imejiridhisha,'" alisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, "'kwamba mtandao wa ghorofa ya tatu umepimwa na mkandarasi na hauna tatizo lolote. Kwa hiyo uchache wa simu zinazohudumiwa unatokana na uzembe wa wahudumu wenyewe.' Mkandarasi ndiye nani?"

Binti alikuwa mlangoni anavua viatu. Hakuinua kichwa.

"Si nauliza? Mkandarasi nani?"

"Ni baba," binti akasema.

Fundi alikuwa mezani, bisibisi ameibana kwa meno, anafungua plagi ya pasi. Aliitoa bisibisi mdomoni polepole, akaifuta kwenye suruali kama mtu anayetafuta cha kufanya.

"Hebu lete hapa."

"Subiri nimalize. 'Atakayeshindwa kufikisha simu sitini kwa siku hadi Ijumaa, kiti chake atapewa mwingine.' Ijumaa hii?" Mama alimtazama binti. "Wewe unafikisha ngapi?"

"Thelathini na nane. Siku nzuri arobaini na moja."

Jikoni sufuria ilichemka ikainua kifuniko chake, ikakiangusha, ikakiinua tena, na hakuna aliyekwenda.

"Meneja alinipigia wiki iliyopita," Fundi akasema. "Akaniuliza mtandao vipi. Nikamwambia uko safi. Sasa mimi nilijua anataka kuandikia barua?"

"Ulikwenda kuupima?"

"Niliupima siku ya kukabidhi kazi. Haijapita hata miezi minane. Waya hauozi, mke wangu."

"Kwa hiyo mwanao ni mzembe."

"Sijasema hivyo mimi, kampuni ndiyo imesema." Alimgeukia binti. Humwita mama, kwa sababu binti amerithi jina la bibi yake, mama mzazi wa Fundi. "Lakini mama, hebu tuambie kweli. Huko juu hakuna soga? Wasichana kumi, chumba kimoja?"

Binti aliokota viatu vyake, akaviweka chini ya kabati, akavisogeza mpaka vikalingana, kisha akaingia chumbani. Hakuwa mtu wa maneno. Kazi ya kuongea na simu kutwa aliipata kwa sababu baba yake alimwombea wakati anafunga mtandao wa ofisi ile, na mpaka leo kabla ya kila simu alikuwa akimeza mate.

"Kwa meneja umesema upesi," mama alimwambia mumewe. "Kwa mtoto wako ndiyo umepata maswali."

Akaenda kuiepua sufuria.

*

Ofisini hakuna aliyekuwa na jina. Msimamizi aliwaita kwa namba za viti, na binti alikuwa Kumi na Saba. Ghorofa ya tatu ilikuwa na viti kumi, cha kumi na moja mpaka cha ishirini (namba hazikufuata ghorofa), vimepangwa kwa safu mbili chini ya kisanduku cheupe kilichobandikwa darini chenye taa ndogo ya kijani. Kisanduku hicho ndicho kilichogawa mtandao kwa kompyuta zote za chumba. Simu za wateja zilipita humo, na taarifa zao zilipita humo humo: nani kanunua jokofu, nani karudishiwa feni, pasi ya nani imeungua.

"Haloo? Dada, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?"

"Samahani mteja. Nafungua taarifa zako."

Kwenye kioo duara lilizunguka, likazunguka.

"Unafungua au unachimba?"

"Samahani, mteja, kidogo tu..."

Simu ikakatika. Simu iliyokatika haikuhesabiwa. Binti alipandisha macho kwenye kona ya kioo, palipoandikwa hesabu yake: kumi na moja. Ilikuwa saa tano asubuhi.

Msimamizi alikuja nyuma yake. Alikuwa kijana wa suruali za kubana, na alipenda kusimama mahali ambapo mtu hawezi kumwona bila kugeuka. "Kumi na Saba, leo umekula ulimi?"

"Inakatika, bosi."

"Inakatika. Wa ghorofa ya pili haiwakatikii, wa kwanza haiwakatikii, ninyi tu. Toa simu yako hapo. Vijiti vya mtandao vingapi?"

"Vyote."

"Sema kwa sauti, wenzako wasikie."

"Vyote, bosi."

"Haya. Vijiti vimejaa, mtu anasema mtandao mbovu. Na baba yako mwenyewe ndiye aliyefunga!" Wawili watatu walicheka kwa woga. Binti alihisi masikio yakimwaka chini ya spika za kichwani.

Msimamizi alipoondoka, Kumi na Sita alikohoa mara mbili. Huyu alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye mdomo usiolala. Baada ya kikohozi chake, watano wa safu ya mbele waliacha kupokea. Walibaki na spika zao masikioni, midomo ikichezacheza, vidole vikigusagusa vitufe visivyoandika kitu. Watano wa safu ya nyuma wakaanza kupokea, na kwa nusu saa nzima sauti za wateja ziliingia safi kama za watu waliokaa kiti cha mbele. Kisha Kumi na Sita akakohoa tena, wakabadilishana.

Walikuwa wamegundua wenyewe, mwezi wa pili tu tangu waanze. Wakiongea watano, inapita. Wakiongea kumi, wote wanakuwa ndani ya pipa. Hakuna aliyewafundisha. Bila kupokezana hivyo hata simu ishirini wasingefikisha.

"Bomba moja, ndoo kumi," Kumi na Sita alimnong'oneza binti, macho yake kwenye kioo. "Kamwulize baba yako, bomba letu kalifunga na nini? Na uzi?"

*

Jumatano asubuhi Fundi alikuwa uani anapanga mkoba wake wa kazi. Binti alisimama karibu na ngazi ya kukunja, akaishika kama ndiyo anayoongea nayo.

"Baba, tukiongea watano inapita. Tukiongea kumi inakwama."

Mkono wa Fundi ukabaki ndani ya mkoba. "Nani kawaambia mhesabu hivyo?"

"Hakuna. Tumeona tu."

"Na wa ghorofa ya pili?"

"Wao wako ishirini na nne na wanaongea wote."

"Simu yako pale inashika?"

"Inashika, baba. Imejaa. Lakini haipiti."

Alisema hivyo akaondoka, kwa sababu alikuwa anachelewa, na kwa sababu alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kiasi kile kwa baba yake asubuhi moja. Fundi alibaki amechutama. Neno lilikuwa limemwingia mahali pabaya.

Inashika? Ndilo swali aliloliuliza kazini miaka yote. Akimaliza kufunga alisimama chini ya kisanduku, akamwambia mwenye ofisi atoe simu, akauliza: inashika? Mwenye ofisi aliona vijiti vimejaa, akajibu inashika, akasaini. Mafundi wote aliowajua walikabidhi kazi hivyo. Lakini vijiti humwambia mtu kwamba simu yake na kisanduku wanasikizana, basi. Kisanduku nacho kina njia yake ya nyuma, inayokiunganisha na chanzo cha mtandao kilicho chini, na njia hiyo ikiwa nyembamba, mtu atashika mtandao mkononi kutwa na usimfae. Fundi alilijua hilo. Alilijua tangu siku ya kukabidhi.

Alizunguka ua. Aliingia ndani, akatoka. Akafunga mkoba, akaufungua.

"Umepoteza nini?" mkewe akauliza.

"Sijapoteza kitu."

"Mara ya nne hii unapita hapa. Nisogeze beseni au unalizunguka kwa nadhiri?"

Akakaa kwenye kizingiti. Akamweleza, macho yake yakiwa kwenye beseni la nguo. Jengo lile lilikuwa na bomba la ndani ya ukuta la kupitishia waya. Kutoka chini mpaka ghorofa ya pili alipitisha bila shida. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, wajenzi walikuwa wamemwaga saruji humo ndani, bomba limeziba. Kutoboa zege kulitaka ruhusa ya mwenye jengo, na mwenye jengo alikuwa safarini. Kukabidhi kulikuwa kesho yake. Basi akakiamuru kisanduku cha tatu kivute mtandao hewani, kutoka kwa kisanduku cha pili, kupitia zege. Kwa muda tu, alijiambia. Kwenye fomu akaandika waya umefika ghorofa zote.

"Na ukamuuliza meneja inashika?"

"Nikamuuliza."

"Akasema inashika."

"Akasaini."

Mama alikamua shati, akalikamua tena wakati halikuwa na maji. "Kamwambie basi."

"Wana jengo jipya, ghorofa sita. Wameniahidi mimi. Nikienda kusema niliandika uongo kwenye fomu yao, unadhani watanipa?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba Ijumaa ni keshokutwa."

"Nitaitengeneza kimya kimya. Nitasema nimekuja kwa matengenezo ya kawaida. Labda nikikisogeza kile kisanduku, nikakielekeza vizuri..."

"Labda."

"Lazima nipime kwanza. Na kupima njia ya nyuma kunataka watu wawili. Mmoja anakaa chini kwenye chanzo, mwingine anafuata visanduku." Alikuna kichwa. "Nikichukua fundi mwenzangu atajua."

Mama akaliacha shati. "Unanitazama mimi?"

"Wewe kusoma namba unajua."

"Namba najua. Kuficha ndiyo sijui."

*

Alhamisi mama alikwenda akiwa amevaa koti la kazi la mumewe, lililomfika karibu na magoti. Wa mapokezi alicheka alipowaona. "Fundi leo umekuja na shemeji? Umekosa wa kukubebea ngazi?"

"Ngazi kaibeba mwenyewe," mama akajibu. "Mimi nimebeba akili."

Aliketishwa kwenye chumba kidogo cha chini chenye joto, penye kabati la waya na taa zinazopepesa. Fundi aliunganisha kompyuta ndogo, akamwonyesha mahali pa kutazama. Yeye angekuwa na kompyuta nyingine juu, ameichomeka kwenye kisanduku chenyewe. Zingerushiana mzigo mkubwa, na namba ingeonyesha ni kiasi gani kinapita kwa sekunde.

"Namba ikitulia, isome. Usiniambie habari nyingine."

"Na ikinuna?"

"Mke wangu, tafadhali."

Simu yake aliitia mfuko wa shati, sauti ameifungua, kwa kuwa juu ya ngazi mikono yote miwili ina kazi.

Ghorofa ya kwanza. "Soma."

"Mia tisa arobaini."

Ghorofa ya pili. "Soma."

"Mia tisa thelathini na nane."

Ghorofa ya tatu aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Wahudumu tisa waliinua macho. Binti yake hakuinua. Fundi alitega ngazi kati ya safu mbili, akapanda, akachomeka waya kwenye kisanduku. Kutoka pale juu aliona vitu ambavyo hakuviona siku ya kukabidhi, kwa sababu siku ile viti vilikuwa havina watu: nywele za binti yake zilizobanwa na ile spika, daftari lake lenye majina ya wateja waliokatika ili awapigie tena, na midomo yake ikisema samahani, ikingoja, ikisema samahani.

"Soma," akasema chini chini.

"Kumi na moja."

"Mia ngapi na kumi na moja?"

"Kumi na moja peke yake."

Alikizungusha kisanduku kidogo kushoto. "Sasa?"

"Kumi na mbili."

Kulia. "Sasa?"

"Kumi."

Aliteremka ngazi, akaisogeza hatua mbili, akapanda tena. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kope. Alikivua kile kisanduku, akakishika mkononi kuelekea sakafuni, kama anayemwagia mtu maji.

"Fundi, vipi, umekuja kumpokelea binti yako simu?" Msimamizi alikuwa mlangoni. Nyuma yake alikuwa meneja, mama mtaratibu wa miwani, ameshika faili.

"Matengenezo ya kawaida tu," Fundi akasema.

"Safi," meneja akasema. "Nimefurahi upo, maana hawa kesho ndiyo siku yao na sitaki mtu aje kulalamika baadaye. Mtandao hapa unashika?"

Kumi na Sita alisahau kukohoa. Vidole vyote vilisimama juu ya vitufe.

"Unashika, mama," Fundi akasema.

"Mmesikia," Msimamizi akawaambia wasichana. "Kumi na Saba, umesikia? Siyo mimi niliyesema."

Binti alikuwa na mteja. Aliinamisha kichwa zaidi, akaziba sikio moja kwa kiganja. "Samahani mama, rudia namba... samahani, umekatika, rudia..." Sauti ya mteja ilitoka kwenye spika yake kwa ukali mpaka wa jirani waliisikia: nyie wasichana mnalipwa kwa kazi gani?

Ndipo mfuko wa shati la Fundi ukasema, kwa utulivu: "Tisa. Imetulia kwenye tisa."

Meneja alitazama huku na huku. "Nani huyo?"

"Mke wangu. Yuko chini, ananisomea kipimo."

"Tisa ni nzuri au mbaya?"

Aliuliza kwa kutaka kujua tu. Hakuwa na njia yoyote ya kujua. Angeambiwa tisa ni nzuri angeandika nzuri kwenye faili lake, akashuka, na kesho saa kumi jioni viti kumi vingebadilishwa watu. Fundi aliliona hilo lote, na akaliona jengo jipya la ghorofa sita, na akamwona mteja asiyemjua akimtukana mtoto wake sikioni.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya kiasi gani?"

"Ghorofa ya pili ni mia tisa."

Meneja alivua miwani. "Mia tisa. Na hapa tisa."

"Ndiyo, mama. Wakiongea kumi, haiwatoshi. Hawa hawana kosa."

"Waya umekatika?"

"Hakuna waya." Sasa maneno yalitoka yenyewe, moja likilivuta jingine. "Haukuwahi kuwepo. Bomba la ukutani lilikuwa na saruji, nikaunganisha hewani. Kwenye fomu nikaandika waya. Ni mimi."

Msimamizi alitazama viatu vyake. Meneja akafungua faili, akaitafuta ile fomu, akaisoma yote akiwa amesimama, huku Fundi akiwa juu ya ngazi na kisanduku mkononi, hajui akirudishe darini au ashuke nacho.

"Kirudishe kilipokuwa, kisha ushuke," meneja akasema. "Usiguse kitu kingine. Kesho nitaleta watu wengine. Na lile jengo jipya, usijisumbue."

"Sawa, mama."

Ilimbidi aikunje ngazi mbele yao wote, na kifungio cha ngazi kiligoma kufunga mpaka alipokipiga kwa goti. Aliipitisha kati ya viti akiomba njia kwa kila aliyempita. Kwa binti yake hakuomba, alipita tu, na binti naye akavuta kiti ndani bila kugeuka. Kumi na Sita aliinuka akamshikia mlango.

Chini, mkewe alikuwa bado ameegemea kioo, kidole kwenye namba.

"Imepanda. Kumi na mbili. Nisome?"

"Zima," Fundi akasema.

*

Ijumaa Fundi hakwenda popote. Alimaliza ile plagi ya pasi, akaikaza, akailegeza, akaikaza. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Mara tatu alitoka kutazama barabara, na kila mara mkewe alimwambia saa bado.

Binti aliingia saa kumi na moja na nusu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akanywa kikombe, akachota kingine, akanywa, akachota cha tatu. Wazazi walisimama wakimtazama koo linavyopanda na kushuka.

"Wamekutoa?" mama akauliza.

Binti akatikisa kichwa. "Barua wamezikusanya zote. Meneja amezichana mbele yetu."

"Alhamdulillahi! Sasa mbona uko hivyo?"

"Sijanywa maji tangu asubuhi."

"Kwa nini?"

"Haikatiki, mama. Ukiweka moja inaingia nyingine. Zamani ikikwama tulikuwa tunapumua. Leo hata Kumi na Sita hakusema neno." Alikaa kwenye kiti, akafumba macho. "Nimefikisha themanini na tano. Saa tisa Msimamizi amekuja akasema kumbe tunaweza. Kuanzia Jumatatu ni tisini."

"Tisini!" mama akasema. "Huyo kijana ana mama kweli?"

Fundi alikuwa bado amesimama. Alitaka kumwambia binti jambo, na hakujua linaanzia wapi. Tangu jana walikuwa hawajasemezana. Alisogeza kiti, akakirudisha, na kilichomtoka kilikuwa kingine kabisa.

"Wamefunga kisanduku gani?"

"Kile kile chako, baba."

"Kile kile?"

"Hawajakigusa. Wameongeza waya tu."

"Wamepitisha wapi? Zege wametoboa?"

Binti alifumbua macho, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alimtazama moja kwa moja. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na alijibu kama anavyowajibu wateja, taratibu, ili mtu aelewe.

"Nje, kandokando ya ngazi za dharura. Wameuingiza dirishani."

Fundi akakaa.

"Ilichukua muda gani?" akauliza.

"Tulipoanza kazi walikuwa wanafungua mikoba," binti akasema. "Tulipoitwa chai, walikuwa wameondoka."